Moyo wa kaka yangu na uvimbe uliokaa jirani yake

Ishara ya kwanza ilikuwa kanzu. Katika msimu wa karafuu wa mwaka juzi, kaka yangu, anayeishi nje kidogo ya mji wa Wete na ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 36, alianza kulalamika kwamba shingo ya kanzu yake ya Ijumaa inambana, hali ya kuwa mwili wake mwengine ulikuwa unakonda na suruali zinamshuka kiunoni. Kofia yake nayo ilikuwa haimwenei asubuhi mpaka jua lipande. Mama alimtazama akasema uso umenawiri, na sote tukayapokea maneno hayo kwa furaha, kwa sababu mtu anayevimba uso polepole hafanani na mgonjwa. Anafanana na mtu aliyenenepa.

Baada ya wiki chache akaanza kusali juu ya kiti. Wenzake msikitini walidhani ni mgongo, kwa kuwa wachumaji wengi wa karafuu huumwa mgongo, na yeye hakuwasahihisha. Mimi aliniambia kwa simu kwamba kila anapoweka paji la uso chini kwa ajili ya sijda, uso unajaa, macho yanataka kumtoka, masikio yanavuma, na akiinuka huona giza. Nilimjibu akapime presha. Ninafundisha baiolojia katika skuli ya sekondari hapa Unguja, na mchoro wa moyo na mishipa yake nimeuchora ubaoni miaka yote ya kazi yangu, lakini siku ile sikuyaunganisha aliyoniambia na niliyokuwa nikiyachora. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kikafuata kikohozi kikavu na pumzi fupi. Akashindwa kupanda mkarafuu, akabaki chini akichambua na kuanika, kisha hata kuinama juu ya jamvi kukamshinda. Usiku alilala kwa kukaa, mito mitatu mgongoni. Sehemu ya kwanza alikotibiwa aliambiwa ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta pamoja na vidonge vya prednisoloni, na kwa muda wa siku kumi hivi akapata nafuu kubwa: pumzi ikarudi, uso ukapungua, akaweza kulala tena. Vidonge vilipokwisha, kila kitu kilirejea kwa nguvu zaidi. Makohozi yakapimwa kifua kikuu, na jawabu likawa hakuna. Sehemu ya pili alipigwa picha ya kifua, akaambiwa moyo umetanuka na umechoka, akaandikiwa dawa za moyo na dawa ya kukojosha maji, ile ambayo wagonjwa wengi wanaijua kwa jina la Lasix. Siku ya tatu ya dawa hiyo alisimama kwenda kutawadha, akaanguka mlangoni.

Sizitaji sehemu hizo, wala siandiki haya kwa ajili ya kumshitaki mtu. Kila jawabu alilopewa lilikuwa na sababu yake: anayekohoa na kukosa pumzi mara nyingi huwa ana pumu kweli, na mwenye kivuli kikubwa cha moyo katika picha mara nyingi huwa ana moyo uliotanuka kweli. Ninaandika kwa sababu ishara za ugonjwa halisi zilikuwa mbele ya macho yetu kwa miezi, na zote zilikuwa zinaelekea kwenye suala moja ambalo hakuna aliyeliuliza, nami nikiwa mmoja wao: je, ni moyo wenyewe unaoumwa, au kuna kitu kilichokaa jirani yake kinachoubana?

Nilivuka kwenda Pemba siku ya pili baada ya kuanguka kwake. Nilimkuta ukumbini amekaa wima, na hata katika kukaa huko mishipa ya shingo ilikuwa imesimama kama kamba zilizovutwa. Kifuani, chini ya ngozi, palikuwa na mishipa ya buluu iliyojichora kama mizizi, ambayo wifi yangu alisema haikuwepo kabla ya Ramadhani. Miguu yake ilikuwa haijavimba kitu. Hilo la miguu ndilo lililonishitua, kwani moyo ukichoka wenyewe, kwa kawaida uvimbe huanzia miguuni na kupanda, na wake ulikuwa umeanzia juu. Mama alikuwa ameshamtafutia kombe, maji yaliyooshewa aya za Qur'ani, kwa mwalimu wa chuoni, na hakutaka asafiri kabla ya kulimaliza. Ami yetu, ambaye ndiye mkubwa wa familia, alimwambia kwa upole, "Shemeji, kombe alichukue, atalinywea njiani. Boti ya Mkoani haitatusubiri." Tukaondoka asubuhi ile ile. Safari nzima alikaa ameshikilia kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nikihesabu pumzi zake badala ya kuhesabu saa.

Katika hospitali tuliyomfikisha Unguja, kipimo cha mwanzo kabisa kilikuwa eko, yaani utrasaundi ya moyo. Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alipojua ninafundisha nini, alinigeuzia kioo cha mashine. "Mwalimu, tazama hapa," alisema. "Moyo wa kaka yako hauna ubaya. Umebanwa." Pembeni mwa moyo, pande zote, palikuwa na weusi, na weusi huo ulikuwa maji. Ukuta wa chumba cha juu cha kulia ulikuwa unabonyea kwa ndani kila pigo, kama mpira uliopungua upepo unapobonyezwa kwa kidole.

Moyo umekaa ndani ya mfuko wenye tabaka mbili, na baina ya tabaka hizo kwa kawaida huwa na maji kidogo sana, mililita 15 hadi 50, ambayo kazi yake ni kupunguza msuguano. Mfuko huo ni mgumu na hautanuki kwa haraka. Maji au damu ikiingia ghafla, hata mililita 150 au 200 zinaweza kuuzuia moyo usijae, na mtu akafa katika muda mfupi. Yakiingia polepole, kwa wiki na miezi, mfuko hujivuta kidogo kidogo, na unaweza kubeba lita nzima au zaidi kabla mtu hajaanguka. Ndivyo ilivyokuwa kwa kaka yangu. Uvimbe uliokuwa katikati ya kifua ulikuwa umeufikia mfuko wa moyo na kuutia maji, na kile kivuli kilichosomwa katika picha ya mwanzo kuwa ni moyo mkubwa kilikuwa ni mfuko uliojaa, wenye mviringo kama mtungi. Eksirei huonyesha ukubwa wa kivuli tu. Haiwezi kusema ndani ya kivuli hicho nyama ni ipi na maji ni yapi. Eko inasema, tena kwa dakika chache, na mgonjwa hahitaji hata kulazwa chali.

Nilimuuliza daktari kuhusu ile dawa ya kukojosha maji. Alinieleza, na maelezo yake ningependa kila mwenye mgonjwa wa moyo ayajue. Moyo uliobanwa na maji ya nje hujaa kwa shida, na kinachousaidia kujaa ni msukumo wa damu inayorejea kutoka mwilini. Dawa ya kukojosha hupunguza damu hiyo inayorejea. Kwa moyo uliochoka wenyewe dawa hiyo ni faraja kubwa, na watu wengi wanaishi kwa sababu yake. Kwa moyo uliobanwa, inamwondolea mgonjwa kile kidogo kilichokuwa kinamsimamisha. Kwa hivyo vidonge vile vile vinavyomwinua jirani yako vinaweza kumwangusha ndugu yako, na tofauti baina ya wagonjwa hao wawili haionekani kwa kuwatazama usoni tu.

Inaonekana, hata hivyo, kwa kushika na kusikiliza. Mwaka 1935 daktari mpasuaji wa Marekani, Claude Beck, alizikusanya pamoja ishara tatu za moyo uliobanwa: shinikizo la damu kushuka, mishipa ya shingo kujaa, na mapigo ya moyo kusikika kwa mbali kana kwamba yanapigwa nyuma ya ukuta. Iko na ya nne, ya zamani zaidi, kwamba mgonjwa akivuta pumzi ndani, shinikizo hushuka kwa zaidi ya alama 10 na pigo la mkononi hufifia. Ishara hizi hazitaki umeme wala mashine kubwa. Zinataka mkono, sikio, kipimo cha presha cha kawaida na dakika tano za utulivu, na ninaamini kwamba katika visiwa vyetu, ambako mashine ya eko inaweza kuwa safari ya bahari nzima kutoka kwa mgonjwa, ishara hizi zinastahili kufundishwa upya kila mwaka katika kila kituo cha afya.

Maji yalitolewa usiku ule ule. Walimkalisha ameegemea nyuma kidogo, wakamtia ganzi chini ya kidari, wakaingiza sindano ndefu wakiifuata kwa utrasaundi, kisha wakaacha bomba jembamba ili yaliyobaki yatoke polepole, kwa sababu kuutoa mzigo wote kwa mara moja nako kunaweza kuuelemea moyo. Yalikuwa na rangi ya ukwaju uliokorogwa. Kabla ya sindano presha yake ya juu ilikuwa 84. Baada ya mililita 300 za mwanzo ilifika 108, na kaka yangu, ambaye alikuwa hajazungumza sentensi nzima tangu Mkoani, alimwomba wifi yangu chai. Jumla yaliyotoka kwa siku mbili ilikuwa mililita 950.

Lakini uso haukupungua, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa amebanwa sehemu mbili. Damu yote ya kichwa, shingo na mikono hurudi moyoni kwa mshipa mmoja mkubwa wa juu, ambao wataalamu wanauita vena kava ya juu. Mshipa huu una ukuta mwembamba, damu iliyomo ina shinikizo dogo, na umezungukwa na tezi za limfu, zile zile ambazo zikivimba kinenani tunaziita mitoki. Mshipa wa ateri una ukuta mnene, nao husukumwa na kubaki wazi. Vena kava hubonyea. Siti skani ilionyesha uvimbe wa sentimita 11 nyuma ya kidari, na vena kava imebaki kama uzi pembeni yake. Damu iliyokosa njia ilijaa usoni na shingoni, ikavimbisha hata koo, kisha ikatafuta vichochoro vya kurudia moyoni chini ya ngozi ya kifua. Hiyo ndiyo ilikuwa ile mizizi ya buluu. Asubuhi huwa mbaya zaidi kwa sababu ya kulala, na kuinama huongeza, kwani damu hupoteza hata ule msaada mdogo wa kuteremka kwa uzito wake. Shingo ya kanzu, kofia ya asubuhi, sijda: kila kitu kilikuwa mshipa mmoja.

Ugonjwa huu si mpya. Daktari William Hunter aliuandika huko Uingereza mwaka 1757, na mgonjwa wake hakuwa na saratani, bali ateri kubwa iliyovimba kwa kaswende. Siku hizi sababu kubwa ni saratani ya mapafu na limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, na kwa baadhi ya watu ni damu iliyoganda kwenye mipira na nyaya zilizopitishwa katika mshipa huo kwa matibabu.

Sote tulitaka aanzishiwe dawa mara moja. Daktari alikataa, na ninamshukuru kwa kukataa kwake. Alisema hajui bado ni uvimbe wa aina gani, na nyuma ya kidari hukaa vitu vingi visivyofanana: uvimbe wa tezi ya thaimasi, ambao wakati mwengine huja pamoja na ugonjwa wa misuli kulegea; teratoma, ambayo inaweza kuwa na nywele na meno ndani yake; goita iliyoteremka kifuani; limfoma; na mitoki ya saratani ya mapafu au ya titi. Baadhi yake hutibiwa kwa kisu, mengine kisu hakiyafai. Tena katika nchi zetu maji ya mfuko wa moyo mara nyingi huwa ya kifua kikuu, kwa hiyo maji yalipelekwa kupimwa hayo nayo. Alitaka kwanza kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa. Na hapo ndipo zile siku kumi za nafuu zilipopata maelezo: prednisoloni, dawa ambayo hutumika kwa pumu, pia huua seli za limfoma kwa muda. Uvimbe ulisinyaa, tukadhani pumu imepona, na lau kinyama kingechukuliwa katika siku hizo kingeweza kutoa jawabu la uongo.

Kinyama kilichukuliwa kwa sindano nene, kwa ganzi ya mahali pale tu, naye akiwa amekaa. Hakulazwa usingizi. Mtu mwenye uvimbe mkubwa mbele ya kifua akilazwa chali na kulegezwa misuli kwa dawa ya usingizi, uvimbe unaweza kuliangukia koo la hewa na moyo kwa pamoja, na hapo hata bomba la kupumulia linaweza lisifae kitu. Nilikuwa sijawahi kulisikia jambo hili. Iwapo una ndugu ambaye hawezi kulala chali, mwambie hivyo kila daktari na kila muuguzi kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji au kwenye mashine yoyote ya kulala, hata kama unaona wameshaandika.

Jawabu lilikuwa limfoma, aina inayokua kwa kasi. Neno saratani lilipotajwa, mama alikaa chini barazani akajifunika leso usoni. Daktari alimfuata, akakaa pembeni yake, akamwambia, "Bi, limfoma ni katika saratani zinazoweza kupona kwa dawa, hata zikiwa kubwa. Tuombe Mungu na tuwahi." Hakumwahidi zaidi ya hapo, na mama hakumuuliza zaidi.

Matibabu yalikuwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, mizunguko 6 ya dawa za mshipani, kila baada ya siku 21. Sitarefusha habari ya nauli, vyumba vya kukodi na jamaa waliotupokea, kwani kila familia ya Pemba iliyowahi kuvuka na mgonjwa inaijua. Nitasema tu kwamba baada ya mzunguko wa kwanza uso ulishuka ndani ya siku nane, na baada ya wa tatu alisujudu.

Nimeulizwa na baadhi ya wenzangu iwapo uvimbe hubana tu. Hapana. Unaweza kuingia kwenye nyama ya moyo na kuvuruga njia za umeme wake, na mapigo yakaenda mbio au yakapotea mpangilio. Unaweza kuziba ateri inayokwenda mapafuni, na upande wa kulia wa moyo ukaelemewa. Upo pia uvimbe unaoota ndani ya moyo wenyewe, ingawa ni nadra sana kulinganisha na ule unaotoka kwengine. Kwa watu wazima unaojulikana zaidi ni miksoma, ambayo si saratani, na mara nyingi huota katika chumba cha juu cha kushoto, ikining'inia na kuziba mlango wa vali, au kumeguka kipande kikapanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Huo dawa yake ni kuutoa kwa upasuaji.

Sasa liko jambo la mwisho, na hili ndilo ninaloishi nalo kila siku. Miongoni mwa dawa zilizomponya imo moja nyekundu, doksorubisini, ambayo hugeuza hata rangi ya mkojo kwa siku moja au mbili, na ambayo inaweza kuudhoofisha msuli wa moyo. Athari hiyo hutegemea jumla ya dawa aliyoipata mtu katika umri wake wote, na inaweza kujitokeza baada ya miezi au baada ya miaka. Mionzi ya kifua nayo, kwa wanaoipata, inaweza kuharibu mishipa na vali za moyo miaka kumi au ishirini mbele, ndiyo maana waganga wa leo hujitahidi kuuepusha moyo na njia ya mionzi. Kwa hivyo moyo ule ambao daktari alisema hauna ubaya, leo inabidi uchunguzwe kwa haki yake wenyewe. Kabla ya dawa alipimwa eko, katikati akapimwa tena katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo pale Muhimbili, na sasa anapimwa kila mwaka. Mpaka sasa nguvu ya kusukuma damu haijapungua.

Kaka yangu amerudi Wete. Hapandi mkarafuu, anasimamia wachumaji, anapima pishi na kuanika. Alipoondoka Dar es Salaam aliambiwa kwamba jumla ya doksorubisini aliyoipata ni miligramu 300 kwa kila mita moja ya mraba ya mwili wake, na kwamba hatari huongezeka sana jumla hiyo ikikaribia 450 hadi 550, kwa maana akiba yake si kubwa iwapo maradhi yatarejea. Idadi hiyo nimeiandika kwa wino mweusi nyuma ya jalada la faili lake, pamoja na tarehe za mizunguko yote 6 na majibu ya kila eko. Nakala moja ninayo mimi Unguja na nyengine iko kwa wifi yangu, ndani ya kasha la nguo, kwa sababu daktari atakayemwona miaka kumi na tano ijayo kwa pumzi fupi au miguu iliyovimba huenda akawa bado yuko skuli hivi sasa, na hatakuwa na njia nyengine ya kuijua.